Matone 89

Asubuhi hii nimeletewa maiti. Imekuja kwenye beseni la bluu la kufulia, imefunikwa khanga kuukuu, imebebwa kichwani na mjukuu wa yule bibi wa nyumba ya juu, ikatua mlangoni kwangu saa kumi na mbili kasoro, sijaosha hata uso. Kijana hakunisalimia. Alitua beseni, akasema kama anayesoma barua: "Bibi anasema kuku wako huyu hapa. Hela yake elfu ishirini na tano. Na beseni lirudi."

Kuku wangu! Mimi kuku wangu ninao 11, nawajua kwa sura na kwa tabia, na huyu mtetea mwekundu hajawahi kula hata punje ya pumba yangu. Kosa langu kwake ni tone la chanjo. Tone moja, jicho la kulia, Jumapili usiku, bure. Leo Jumatano ndiyo huyu hapa, miguu juu.

Ngoja niseme upande wangu mapema, maana bibi ana ulimi, na kufika saa nne mlima mzima utakuwa unaniita muuaji.

Mnajua kiangazi chetu. Upepo ukishaanza kupeperusha vumbi, kuku wanaanza kusinzia mchana, kinyesi kijani, shingo inapinda mpaka mtu anajitazama mgongo mwenyewe, na wiki ikiisha banda liko kimya, unaweza ukalipangisha. Mdondo. Wengine mnauita kideri. Wataalamu wanauita Newcastle, kwa sababu uliwahi kuzuka kwenye mji huo wa Uingereza mwaka 1926, na ukiwatajia jina hilo vijana wa kijiweni wanakuuliza anacheza nyumbani au ugenini, wamweke kwenye mkeka. Dawa hauna. Mwaka juzi mimi nilibishana nao. Nilitwanga pilipili kichaa, nikachemsha mwarobaini, nikakamua shubiri, nikamalizia na rangi mbili zilizobaki alipoumwa mtoto, kumbe rangi mbili ni za bakteria na mdondo ni kirusi. Kuku 17 walikufa. Tofauti yao na wa jirani ni kwamba wa kwangu walikufa wakiwashwa koo.

Kwa hiyo mwaka huu nikajiheshimu. Nilivaa shati la kola, nikaenda mjini kwenye duka la dawa za mifugo, nikaomba chanjo ile ya kudondoshea jichoni. Muuzaji akauliza, kuku wangapi? Nikajibu "kumi na mmoja" kwa sauti ya mtu mwenye mia na kumi. Akanipa chupa ya dozi 100. Ndogo zaidi hana. Haipimwi kama mafuta ya kula. Akanipa na masharti: tone moja kwa kila kuku, kifaranga na jogoo sawasawa, urudie kila miezi mitatu, chupa isipigwe jua, na anayeumwa usimguse, maana chanjo haitibu, na hata kwa mzima inahitaji kama wiki mbili ndipo kinga ishike. Friji sina. Akasema hii inavumilia, ifunge tu kwenye kitambaa kibichi. Nikapanda daladala na leso inayotiririka maji mkononi, mama mmoja akanipa siti na kuniambia Mungu ndiye mpangaji wa yote.

Nikachanja 11 wangu. Yakabaki matone 89.

Hapo ndipo roho ya ujirani mwema iliponidanganya. Nilipita nyumba kwa nyumba Jumamosi nikiwaambia watu walete kuku, bure. Kwetu Mabatini, Mwanza, ukitoa kitu bure, swali la kwanza ni unagombea udiwani wa wapi. Mmoja akasema chanjo inawafanya kuku wagome kutaga. Mwingine akataka kujua kama tone hilohilo haliwezi kumsaidia mama mkwe, ana mtoto wa jicho. Nikarudi na chupa yangu.

Jumapili saa kumi jioni, kuku wanne wakadondoka kule bondeni kwenye mfereji. Saa moja usiku, mlangoni kwangu palikuwa na foleni ambayo sijawahi kuiona hata siku maji yakitoka.

Sasa, kumchanja kuku usiku ni kazi ya adabu. Unamkumbatia, unalaza kichwa chake ubavu, unasubiri jicho lifunguke, unageuza chupa wima kichwa chini ili tone litoke kamili, unadondosha, unangoja apepese. Akipepesa, tayari. Nikaingia majikoni mwa watu. Nikaingia chumbani kwa kapera mmoja, kuku watano chini ya kitanda na mmoja juu ya mto. Nikafika kwa bibi wa juu tone la 40 na kitu.

"Mwadila mayu," nikamsalimia Kisukuma.

"Mwadila ngosha. Hawa hapa sita. Jogoo yuko juu ya jiwe."

Mlima wetu mnaujua, bati la mtu wa chini ndiyo kiwambaza cha mtu wa juu. Jiwe la bibi limeinama juu ya nyumba ya fundi pikipiki, na jogoo wake analala kwenye ukingo kabisa, kama nahodha. Nikasema mayu, huyu tumwache. Bibi akasema nimechanja jogoo wa kila mtu, wake ana dhambi gani?

Nikavua ndala. Nikang'ata chupa kwa meno ili mikono ibaki huru. Bibi akashika tochi, akajimulika mwenyewe usoni muda wote. Nilipanda jiwe lile kwa magoti, mtu mzima, baba wa watoto wanne, karani wa stoo ya dagaa pale Mwaloni, mtu ambaye wafanyabiashara wakubwa wananiita "mkuu". Nikamfikia. Nikamkamata miguu. Jogoo akapiga yowe moja, mimi nikateleza, tukaondoka wote wawili, tukatua juu ya bati la fundi kwa kishindo cha lori linalomwaga kokoto.

"MWIZI!"

Neno hilo likishatamkwa kwetu hakuna anayeuliza mwizi wa nini. Milango ilifunguka kama imefungwa kwa kamba moja. Nikaona rungu, nikaona mwiko, nikaona mtu na shuka na spana namba 14. Na mimi niko juu ya bati, bukta, miguu mitupu, jogoo wa watu kwapani. Chupa iko mdomoni. Siwezi kuitema, ndani kuna matone ya watu. Nikajieleza hivyohivyo:

"Hanjo! Hanjo!"

"Anamwita mwenzake!" akapiga kelele fundi. "Wako wawili! Mtafuteni Anjo!"

Nusu ya kundi ikakimbia kumtafuta Anjo. Nadhani hilo ndilo lililoniokoa. Nikamtazama bibi kule juu kwenye jiwe, shahidi wangu pekee duniani, aseme neno moja tu. Bibi akamulika bati, akanimulika mimi, akashusha mwanga kwapani, akauliza:

"Jogoo kaumia?"

Mjumbe alifika na koti juu ya shuka. Nikatoa chupa mdomoni, nikaeleza mambo ya chanjo hii ya I-2, kirusi, wiki mbili, kila miezi mitatu. Akasikiliza kwa makini sana, mkono kidevuni. Kisha akauliza kama yamebaki matone sita. Wale waliokuja kuniua wakaenda kuchukua kuku wao. Fundi aliletewa kuku wake na mkewe, akamshika huku spana ikiwa bado mkononi, nami nikadondosha nikiitazama spana. Nilimaliza saa nane usiku, vidole vinanuka banda, na bati la fundi, naambiwa, litavuja mvua zikianza, tutaongea.

Nimesahau mtetea mwekundu. Huyu alikuwa jikoni kwa bibi, kwenye kona, amejikunyata, mabawa yameshuka, na nilimwona. Niliona kabisa. Nikasema, mayu, huyu anaumwa tayari, tusimguse. Bibi akanyanyuka: "Ngosha, hata kuku unawabagua?" Watu wako nyuma kwenye foleni, wanasikia. Nikadondosha. Kwa hiyo kosa ni langu, nakubali, kosa la kuogopa ulimi wa mwanamke wa miaka sabini. Lakini elfu ishirini na tano! Mtetea aliyeshaanza kuinamisha kichwa, bei ya mzima tena wa sikukuu!

Mtu akisikia unafuga anadhani unakula mayai. Mbu wakileta ndui, ni mimi na vigaga vya usoni mwa kuku. Mvua ikinyesha, maji ya mlima mzima yanapita ndani ya banda, maranda yanalowa, wiki hiyohiyo kuhara damu. Utitiri umehamia kwenye godoro letu. Mwewe anachukua kifaranga mchana kweupe, kijana wa darasa la tano amekaa hapohapo, ndiye mlinzi, anaangalia simu. Pumba imepanda, mashudu yamepanda. Nikajiongeza, nikawa nakusanya chenga za dagaa pale stoo, zile zenye mchanga, nawapa bila kipimo. Mayai yakaanza kunuka Mwaloni. Mama watoto alikaanga moja, akafungua dirisha, akaniambia kwa upole sana kwamba angetaka kitoweo cha samaki angenunua samaki. Eti ufugaji wa kujikimu. Wanaojikimu ni kuku, kwangu mimi!

Na bado beseni liko mlangoni.

Mjumbe kapita kuelekea kazini, kaniambia aliyekufa kwa mdondo haliwi, hauzwi, hatupwi jalalani, afukiwe shimo refu au achomwe. Vijana wawili walikuwa wameshajitolea "kumsitiri" na nimeona mmoja ana bamia na ndimu. Nikawafukuza. Kuchoma kunataka mkaa, na mkaa huo ningeupata ningepika chai. Basi nifukie. Nifukie wapi? Mlima huu mzima ni jiwe, sisi wenyewe tunakaa kwa kubembeleza. Nimezunguka na beseni kichwani tangu saa moja, nyuma yangu mbwa watatu wananisindikiza kwa heshima kubwa, natafuta udongo wa futi mbili tu.

Udongo upo sehemu moja, chini ya mpapai wa mzee mmoja mstaafu. Nimeazima jembe lenye mpini unaozunguka, nimepiga mara tatu, mzee katoka na mswaki mdomoni.

"Ngosha, mhola?"

"Mhola duhu, mzee."

"Unachimba mpapai wangu?"

Nikamfunulia khanga. Akatazama kuku, akatazama shimo, akasema mizizi ikiguswa nitalipa mpapai. Sasa mpapai wenyewe dume! Mwaka wa nne huu unaning'iniza maua, haujawahi kuzaa hata papai la kulishia popo, na kila mwaka anasema subirini Desemba, na kila anayepita hapa lazima aambiwe mbegu ilitoka Ukerewe.