Tuanze na maganda ya jikoni
Makala ninayoijibu hapa inashikilia kwamba mkazi wa mjini hupunguza mzigo wake kwa mazingira hasa kwa kuepuka plastiki, nami nakubali kuwa marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilisaidia sana, lakini hapa Moshi sehemu kubwa ya taka za nyumbani ni maganda ya ndizi na mabaki ya mboga na chakula. Taka hizo zikirundikwa dampo na kukosa hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Kule Kibosho na Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kihambani (shamba la nyumbani la migomba na kahawa), ganda la ndizi hupewa ng'ombe wa zizini, na samadi yake hurudishwa kwenye migomba na kahawa. Mtaani kwetu Pasua baadhi yetu tunayatenga maganda katika ndoo yenye mfuniko, na mfugaji wa jirani huyachukua jioni. Yale asiyoyahitaji, kwa masikitiko yangu, gari la taka huyachanganya tena na kila kitu. Wasomaji wa Arusha mnaoishi nyumba za kupanga zisizo na ua, mabaki ya jikoni mnayapeleka wapi?