Kilo Moja na Robo Inatosha

Bado kuna imani, hasa kwa wanaonunua kompyuta kwa mara ya kwanza, kwamba kompyuta nyepesi ni ya bosi wa mikutano au ya mtu wa safari, na kwamba mchapakazi wa kweli lazima awe na dude zito la inchi 15 na zaidi, au kompyuta ya mezani. Siikubali imani hiyo. Mimi ni mfasiri na mhariri. Miswada ya mamia ya kurasa, ankara, mikutano ya video, mawasiliano na wateja, vyote navifanyia kwenye MacBook Air ya M1, kompyuta mpakato ya Apple yenye uzito wa kilo moja na robo hivi, na nyumbani sina kompyuta nyingine. Wala sijaiweka kama akiba ya siku za safari, maana kazi yangu yote imo humo.

Nianze na uzito, kwa sababu ndio unaodharauliwa kuliko kitu kingine chochote dukani. Muuzaji atakutajia prosesa, atakutajia ukubwa wa diski, lakini uzito hautaji mpaka umuulize. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yeye haibebi. Anayeibeba ni mtu anayepanda daladala Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, amesimama, begi amelivalia kifuani kwa kuogopa vibaka, na jioni anarudi hivyo hivyo. Kompyuta ya kilo mbili na nusu, ukiongeza na chaja yake nene, mtu huyu ataibeba wiki ya kwanza na ya pili. Baada ya hapo ataanza kuiacha nyumbani, na kazi ataifanya kwenye simu: mkataba anausoma kwenye kioo cha inchi 6, jedwali la hesabu analirekebisha kwa kidole gumba. Nimewaona watu wengi wenye kompyuta kali sana ambao kazi zao nyingi hufanyika kwenye simu, na sababu yake ni uzito tu.

Wanaozishuku kompyuta nyepesi wana asili ya shaka yao, na haikuwa ya uongo. Mwaka 2007 Asus walitoa Eee PC, kikompyuta cha kioo cha inchi 7, na kufuatia hapo madukani zikajaa kompyuta ndogo za bei rahisi ambazo kufungua kurasa chache za intaneti kulitosha kuzikwamisha. Januari 2008 Steve Jobs wa Apple akasimama San Francisco na kuitoa MacBook Air ya kwanza ndani ya bahasha ya kaki. Watu walishangilia, lakini ile mashine iliuzwa dola 1,799 ikiwa na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 2, diski ya kuzunguka iliyokuwa nzito wa mwendo, na tundu moja tu la USB. Kwa pesa hizo ungepata mpakato mnene wenye nguvu maradufu. Wepesi ulilipiwa kwa kasi.

Kilichobadilisha mambo ni hatua kadhaa zilizofuatana. Mwaka 2010 Air ikaachana kabisa na diski ya kuzunguka, ikawa na hifadhi ya chipu tupu. Mwaka uliofuata Intel, watengenezaji wa prosesa, wakaanza kuwasukuma watengenezaji wa kompyuta za Windows waende njia hiyo hiyo, chini ya jina Ultrabook. Kisha Novemba 2020 Apple wakatoa Air yenye chipu ya M1, isiyo na feni hata moja, na kasi yake ikazishinda kompyuta nyingi nene za wakati huo. Tangu hapo, kwa kazi za maneno, hesabu, barua pepe, mafunzo ya mtandaoni na hata picha za kawaida, sioni hoja ya kasi imebaki wapi. Anayesema leo kwamba kompyuta nyepesi ni dhaifu anazungumzia mashine za miaka zaidi ya kumi iliyopita.

Lakini hoja yangu kubwa ni umeme.

Kompyuta ya mezani imebuniwa kwa ajili ya mahali ambapo umeme haukatiki. Hapa kwetu unakatika, na kila mtu anajua. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 Tanzania tuliishi kwa mgao, mpaka mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulipowashwa Februari 2024. Wakenya nao wanaikumbuka tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoifunika karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Mwenye kompyuta ya mezani atasema ana UPS, ile betri ya akiba inayoishikilia mashine umeme ukikatika. Sawa, lakini UPS nyingi za ofisini na nyumbani zimetengenezwa kukupa dakika chache za kuhifadhi faili na kuzima, na betri yake ya asidi huchoka ndani ya miaka michache. Baada ya hapo linabaki boksi zito linalolia chini ya meza. Kompyuta mpakato ina UPS yake ndani, na iliyo nyepesi ya siku hizi inakuvusha kutwa nzima ya kazi. Umeme ukikatika saa nne asubuhi, mimi najua kwa sababu feni ya dari imesimama. Sentensi niliyokuwa nikiiandika inaendelea, na intaneti inatoka kwenye bando la simu.

Tazama na hesabu yake. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kula wati mia moja na zaidi. Chaja ya Air ya M1 ni ya wati 30, na kompyuta nyingi nyepesi za Windows huja na chaja za wati 45 au 65. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mfumo mdogo wa sola juu ya bati utakutosha au la, na kama jirani mwenye jenereta anaweza kukusaidia bila kunung'unika. Hata pawabenki inafaa. Ile ya mAh 20,000 inabeba takriban Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati). Betri ya Air yangu ni Wh 49.9. Ukiondoa kinachopotea njiani, unabaki na chaji moja nzima mfukoni. Sharti lake ni moja tu: pawabenki iwe na tundu la USB-C linalotoa angalau wati 30, kwa mtindo unaoitwa Power Delivery. Nyingi za bei poa zimetengenezwa kwa simu, na ukizichomeka kwenye kompyuta utaona asilimia zinashuka huku alama ya chaji inawaka. Soma maandishi madogo yaliyo nyuma kabla ya kutoa hela. Kwa wasafiri wa ndege, Wh 74 iko chini ya Wh 100 zinazoruhusiwa kwa kawaida kwenye begi la mkononi.

Kukosa feni nako, kwenye miji ya vumbi, naona ni baraka. Feni huvuta vumbi, vumbi hujaza njia za hewa, mashine hupata joto, na fundi hulipwa. Isiyo na feni haina njia hiyo ya kuvutia uchafu. Kasoro yake ni kwamba ukiitwisha kazi nzito kwa muda mrefu, kwa joto la Dar es Salaam la Februari, inapunguza kasi ili isiungue. Kwa mhariri wa maandishi hilo si tatizo. Kwa anayehariri video za harusi usiku kucha ni tatizo kubwa, na huyo simshauri afuate njia yangu. Vivyo hivyo msanifu majengo anayetengeneza picha za pande tatu, na mcheza gemu. Wao wanunue dude lenye kadi ya michoro, na wakiweza waliweke mezani.

Nyumbani naiunganisha na kioo cha inchi 24 kilichonunuliwa mtumba, kibodi ya kawaida na mausi. Kioo kikiwa usawa wa macho shingo inapona, na hilo nalisema kwa msisitizo kwa vijana wanaoandika wamejikunja kitandani. Waya mmoja unatoka, begi linafungwa, safari inaanza na kila faili nililokuwa nalo mezani. Waliokuwa na kompyuta mbili wanajua adha ya kutafuta toleo jipya la waraka liko kwenye ipi.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi.

Watengenezaji wametumia wepesi kama kisingizio cha kutufungia milango. RAM sasa inachomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, kwa hiyo uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Angalia ThinkPad za mfululizo wa X, kompyuta mpakato za Lenovo ambazo zimejaa kwenye maduka ya mitumba. X270 ya mwaka 2017 ina nafasi ya kubadilishia RAM, na betri yake ya nyuma unaichomoa kwa mkono wakati mashine inaendelea kwa betri ya ndani. X280 iliyokuja mwaka mmoja baadaye ni nyembamba zaidi, lakini RAM imechomelewa na betri imefungiwa ndani. Tofauti ya unene huwezi hata kuihisi ndani ya begi. Fundi wa Kariakoo ambaye angekuongezea RAM kwa nusu saa sasa anakuambia, kaka, hapa hakuna namna.

Na wasituambie kwamba haiwezekani. Framework, kampuni ya Marekani, ilianza kuuza mwaka 2021 kompyuta mpakato ya kilo 1.3 ambayo RAM, hifadhi, betri, kibodi na hata matundu ya pembeni unayabadilisha kwa bisibisi moja inayokuja na mashine. Uzito ni ule ule. Wanaochomelea RAM wanajua wanachokifanya.

Kwa sababu hiyo, fedha yako ikiwa ya kubana, ipeleke kwenye RAM kabla ya prosesa. GB 8 zinatosha leo kwa kujikaza. GB 16 zitakufikisha mbali. Apple wenyewe walisubiri mpaka Oktoba 2024 kufanya GB 16 kuwa kiwango cha chini kwenye Air, baada ya miaka ya kuzitetea GB 8. Hifadhi ikiwa ndogo utaongeza diski ya nje. RAM iliyochomelewa huongezi.

Anayenunua mtumba, na wengi wetu tunanunua mtumba, aangalie mambo mengine mawili. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana. Ndiyo maana bei za mashine kama X270 ni tamu: wakubwa wa Ulaya na Marekani wanazitoa maofisini. X280 yenye prosesa ya kizazi cha nane inapita. X270 rasmi haipiti, na hapo namshauri mnunuzi aweke Linux, mfumo endeshi wa bure, ambao unakwenda vizuri sana kwenye ThinkPad. Usikubali fundi akuwekee Windows 11 kwa ujanja bila kukueleza, kwa sababu siku masasisho yatakapogoma hutampata.

La pili ni betri. Muuzaji atakuonyesha asilimia 100, na asilimia 100 ya betri iliyochoka haina maana. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ya pili ikiwa nusu ya kwanza, omba bei ishuke kwa thamani ya betri mpya au ondoka. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Atakayekunyang'anya mashine kabla hujamaliza kuandika amekwisha kukujibu.

Yanayotungwa Ulaya yanatufikia, maana huko ndiko mitumba yetu mingi inakotoka, mingine ikipitia Dubai. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu chaja moja inazifikia kompyuta mpakato Aprili 2026: zinapaswa kuchajiwa kwa USB-C. Sheria yao nyingine, ya mwaka 2023, inataka kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Mashine hizo zitafika mikononi mwetu miaka kadhaa baadaye, zikiwa na betri ambayo fundi wa mtaani ataifungua bila kupasha gundi moto wala kuvunja kifuniko. Kuhusu RAM sheria hizo hazijagusa kitu. Huko bado tuna kazi ya kuuliza dukani, kila mmoja wetu na kila tunaponunua, kama inaongezeka, na kuirudisha mashine kaunta pale jibu linapokuwa hapana wakati ya jirani yake, yenye uzito ule ule, inaongezeka.