Mzee akipoteza kumbukumbu, nani ashike mali yake?

Hapa Moshi kila mtu anajua hatua za mirathi. Ukoo unakaa, muhtasari wa kikao unaandikwa, mnakwenda Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anateuliwa. Lakini mama akiwa hai, kiharusi kimempiga au kumbukumbu zimemtoka hata hatofautishi elfu kumi na laki moja, hakuna anayeitisha kikao. Mali yake inaendeshwa kimyakimya na yule aliye karibu.

Na aliye karibu ni nani? Kwa mila ya Wachaga, nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la ukoo linaloizunguka, humwangukia kitinda mimba wa kiume. Yeye ndiye anayebaki nyumbani, ndiye anayehangaika na uji na dawa, na ndiye atakayerithi. Mlezi na mrithi ni mtu mmoja. Wengi wao wanalea kwa moyo, na ndugu walioko Dar hawana haki ya kuwashuku kwa simu tu. Ila nimeshuhudia kidole gumba cha mzee kikishikwa na mkono wa mwingine, kikabanwa kwenye wino, kisha kwenye karatasi ya mauziano ya shamba. Mzee alikuwa anauliza kama mvua imenyesha. Mashahidi wakasaini.

Ndiyo maana siwezi kuikataa mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaipa uwezo wa kumteua mtu asimamie mali ya asiyejiweza kiakili, naye anawajibika kwa mahakama hiyo. Tena yapo mambo yasiyokwenda bila amri ya mahakama. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Baba asiyeelewa kinachoendelea hawezi kuridhia, hata kama fedha ni za kumtibu yeye mwenyewe pale hospitali ya KCMC.

Upande wa pili, hata hivyo, unanitisha. Kule California, Marekani, mwanamuziki Britney Spears aliwekwa na mahakama chini ya usimamizi mwaka 2008, ukafutwa Novemba 2021. Katika miaka hiyo alipanda jukwaani Las Vegas na kuingiza mamilioni ya dola, ilhali baba yake ndiye aliyesimamia fedha. Kama yamemkuta msanii anayetazamwa na dunia nzima, mama wa Kibosho asiye na wakili atasikilizwa na nani?

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kamati yake ilifafanua mwaka 2014 kwamba nchi ziache kumwamulia mtu, zimsaidie aamue mwenyewe. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake unakuja na kuondoka, naunga mkono kabisa. Kwa mama asiyewatambua wanawe, naona "msaada" huo ukimrudisha kwa yule yule anayeshika kidole gumba.

Kwa hiyo amri iwe nyembamba: akaunti hii, shamba hili, mwaka mmoja, na hesabu zisomwe mbele ya watoto wote, mabinti walioolewa wakiwemo. Mengine abaki nayo mwenyewe. Nani amwogeshe, aende ibada au asiende, mbuzi wake auzwe au abaki zizini, hayo hayahitaji hakimu wala msimamizi.

Bado kuna pengo. Mtu akiwa mzima anaweza kusaini hati ya kumpa mwanawe uwakilishi, lakini kwa Sheria yetu ya Mikataba uwakala unakoma pale aliyeutoa anapopoteza akili timamu. Hati inakufa siku inapohitajika. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2005 inayoruhusu hati ya namna hiyo iendelee kufanya kazi, na Bunge letu linaweza kufanya hivyo. Watasema wenye tamaa watawahi kumsainisha mzee mapema. Kweli, wapo. Basi asaini mbele ya hakimu, asomewe kwa lugha anayoielewa, na watoto wote wasubiri nje.