Walimu wanavyo vishikwambi, sasa tupeni vitu visivyokula bando

Baada ya Sensa ya 2022 hapa Tanzania vile vishikwambi, yaani tableti, vya makarani vikaletwa kwa walimu, na mimi ni kati ya waliofurahi sana. Lakini nikikaa na walimu wenzangu stori ni ile ile, kishikwambi kipo kabatini, au kinatumika kujaza takwimu na kusoma grupu la WhatsApp la shule basi, darasani hakijaingia hata siku moja. Watu wa nje wakisikia hivyo wanakimbilia kusema walimu hawataki mabadiliko, wameng'ang'ania chaki tu. Hapana jamani. Mwalimu anayefungua vidio ya dakika 10 mbele ya watoto anajua bando ni hela yake ya mfukoni, na netiweki ikianza kuzunguka pale, watoto 80 wanamkodolea macho, kipindi kina dakika 40 na tano zimeshaenda kwenye kuunganisha projekta, hivi kweli wiki ijayo atarudia?

Ndio maana nasema kwa shule zetu nyingi kitu cha kidijitali chenye maana ni kile kinachofanya kazi data ikiwa imezimwa. Hayo mengine yatakuja baadaye.

Na hili tumeshaliona hapa hapa kwetu. Kati ya 2017 na 2019 watoto karibu 3,000 kwenye vijiji vya mkoa wa Tanga walipewa tableti zenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, yalikuwa mashindano ya kimataifa yanaitwa Global Learning XPRIZE. Wengi wa watoto wale walikuwa hawajawahi kukanyaga shule, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Hawakuwa na mwalimu wala intaneti ya kutegemea, kuchaji ni kwenye sola ya kijiji. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ikapungua kwa nusu! Washindi wakatangazwa Mei 2019, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10, na programu za walioingia fainali zikawekwa wazi mtu yeyote azichukue bure. Swali langu ni dogo tu, ziko shule ngapi za msingi leo Tanga kwenyewe ambazo mwalimu wa darasa la kwanza anazijua programu hizo? Na ile nusu nyingine iliyobaki bila kusoma ndiyo inayonifanya nisiwasikilize kabisa wanaosema tableti itachukua nafasi ya mwalimu.

Maana mwalimu ndiye anayekifanya kifaa kifundishe. Chukua sakiti za umeme kwenye fizikia. Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani wana majaribio ya kuchezea kwenye kompyuta yanaitwa PhET, ya bure, unapakua mara moja ukipata netiweki mjini na baadhi yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Ukiyarusha tu ukutani watoto wataangalia kama sinema halafu kengele italia. Lakini ukiunganisha balbu mbili kwa mfululizo, ukasimamisha mkono kabla ya kuwasha, ukawauliza mwanga utapungua au utabaki vile vile au balbu ya kwanza itawaka zaidi, nyoosheni mikono, haya mgeukie mwenzako umshawishi, hapo darasa linachemka, na ukiwasha hata yule wa nyuma kabisa anasimama aone. Kifaa ni kimoja, watoto ni 80, na wala hawahitaji simu zao ambazo shuleni haziruhusiwi. Kama una betri na balbu za kweli utawapa baada ya hapo wahakikishe kwa mikono yao.

Kitu kingine ambacho kinasaidia mno kwa kidato cha kwanza, vidio nyingi za sayansi ni za Kiingereza cha harakaharaka na mtoto katoka darasa la saba amesoma karibu kila kitu kwa Kiswahili. Zima sauti. Simulia mwenyewe, simamisha picha, waambie neno la Kiingereza watakalokutana nalo kwenye mtihani, endelea. Moyo unaodunda na damu inayopita kwenye vali huwezi kuuchora ubaoni ukaeleweka hivyo.

Sasa kwa wakubwa. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu ni kazi nzuri, vitabu vya kiada vipo mle, ila kwa mwalimu aliyeko kijijini ambako netiweki inapatikana ukipanda kilimani ni kama havipo. Halmashauri ipakue mara moja kwa niaba ya shule zote, iweke kwenye memori kadi pamoja na vidio na majaribio ya kila somo, isambaze kwa njia ile ile inayosambaza mitihani ya moko, gari si linaenda tu? Sehemu yenye kompyuta hata moja iwekwe Kolibri, hiyo ni programu ya bure yenye masomo inayofanya kazi bila intaneti na ina Kiswahili. Na semina za siku tatu hotelini za kufundishwa jinsi ya kuwasha kishikwambi zipunguzwe, hela hiyo iwalipe nauli walimu wa fizikia wa kata mbili tatu wakutane Jumamosi, kila mmoja aje na kipindi kimoja alichokifundisha kwa kifaa chake, awafundishe wenzake kama vile ndio wanafunzi, halafu warushiane mafaili kabla ya kuondoka.