"Shall": Neno la Deni Tunalolifasiri kama Utabiri

Miongoni mwa vitenzi visaidizi vya Kiingereza, hakuna kinachonishughulisha kama "shall", kwa sababu sheria nyingi za Tanzania na Kenya zimeandikwa kwa lugha hiyo, na wajibu wa serikali kwa raia mara nyingi hushikiliwa na neno hilo moja.

Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kudaiwa, na jamaa yake wa Kijerumani, "Schuld", hadi leo ni deni na pia ni hatia. Mwaka 1653 John Wallis alieleza, katika kitabu cha sarufi alichokiandika kwa Kilatini, kanuni iliyokuja kufundishwa kwa karne kadhaa: "shall" katika nafsi ya kwanza hutabiri tu, ilhali katika nafsi ya pili na ya tatu huamuru au huahidi. Katika mazungumzo ya leo limebaki na kazi chache, mojawapo ikiwa kuomba ridhaa, kwani "Shall we go?" ni "Twende?" wala si "Tutakwenda?"

Sheria ndiyo iliyolihifadhi. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, kinaeleza kwamba "may" inapotoa mamlaka huacha hiari ya kuyatumia au kutoyatumia, na kwamba jukumu lililotolewa kwa "shall" ni lazima litekelezwe.

Hata hivyo, si kila "shall" huamuru. Ibara ya 33 ya Katiba ya Tanzania inaposema "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", inaanzisha cheo bila kumwagiza mtu yeyote, na hapo kiambishi "-ta-" kinatosha kabisa. Lakini waziri anapopewa wajibu wa kupeleka taarifa bungeni, kisha tukaandika "Waziri atawasilisha taarifa", msomaji wa kawaida husikia habari ya jambo litakalotokea, na deni lote limepotea. Ukanushi ni mbaya zaidi: "Mtu yeyote hataingia" si katazo kwa sikio la Mswahili, bali "haruhusiwi kuingia" ndilo katazo.

Wakenya wanajua uzito wa jambo hili. Ibara ya 81 ya Katiba yao ya 2010 inatumia "shall" kuzuia jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa, lakini tarehe 11 Desemba 2012 majaji wengi wa Mahakama ya Juu walisema kwamba neno hilo huwa amri ya papo hapo pale tu jambo linapoweza kutekelezwa bila maandalizi zaidi. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao, na kwa maoni yangu msimamo wake ndio uliolitendea haki neno. Mwaka 2020 mrithi wake, David Maraga, alimshauri Rais avunje Bunge kwa kuwa lilikuwa bado halijatunga sheria ya kutekeleza kanuni hiyo.

Afrika Kusini iliandika "must" katika Katiba yake ya 1996, neno lisilobeba utabiri wowote. Kwa kuwa tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria Tanzania, naomba wafasiri wetu wajiulize, kila wanapokutana na "shall", ni nani anayedaiwa. Na akipatikana, waandike "ni lazima awasilishe" au "ana wajibu wa kuwasilisha", hata kama sentensi itarefuka.