Uyoga unaosikia harufu ya asumini

Shangazi yangu wa Tanga ana imani na kahawa moja ya pakiti. Imetiwa ganoderma, ule uyoga mgumu kama ubao, mwekundu, unaong'aa utadhani umepigwa vanishi. Wachina huuita lingzhi, Wajapani reishi. Nikifika tu, kikombe kimeshajaa. "Kunywa mwanangu, hii inasafisha damu." Nakunywa. Shangazi hakataliwi.

Kwamba ganoderma ina kitu, sibishi. Ule uchungu wake unatokana na asidi za ganoderiki, ambazo watafiti wa dawa wanazifukuzia miaka mingi. Ninachouliza ni kiasi gani kimo, maana kiasi hicho kinapanda na kushuka.

Mwaka 2010 watafiti wa Nanjing, China, walichapisha jaribio ambalo bado linanifurahisha. Walikuza nyuzi za ganoderma, yaani mwili wa kuvu huyu kabla haujatoa uyoga, ndani ya chupa za chakula cha majimaji, kisha wakazitilia methili jasmoneti. Hiyo ni homoni ya mimea. Kiwavi anapotafuna jani, mmea huitoa ili sehemu nyingine zijiandae kwa sumu zao, na kwa kuwa huruka hewani, hata mmea jirani hupata habari. Iligunduliwa mwaka 1962 katika mafuta ya asumini. Ndiyo, asumini hii hii ya vikuba vya bibi harusi! Asidi za ganoderiki zikaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40.

Kuvu hutengeneza kwanza lanosteroli, malighafi ya pamoja, na hapo njia hugawanyika: moja inakwenda kwenye ergosteroli, inayojenga utando wa seli, nyingine kwenye asidi hizi chungu. Homoni ikiingia, jeni za vimeng'enya vya kuelekea lanosteroli huchangamka.

Wengi hushangaa kuvu kuelewa lugha ya mmea. Mimi nadhani jina hili la "homoni ya mimea" ndilo linalotupotosha. Asidi ya jasmoniki yenyewe, ambayo methili jasmoneti hutokana nayo, ilipatikana mara ya kwanza, mwaka 1971, kutoka kwa kuvu, Lasiodiplodia theobromae, yule anayeozesha embe kuanzia kwenye kikonyo. Jiberelini, homoni inayorefusha mimea, nayo ni vivyo hivyo. Wakulima wa mpunga wa Japani walikuwa na ugonjwa waliouita bakanae, yaani mche mpumbavu: mche unarefuka ovyo kisha unaanguka. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa akaonyesha kwamba kuvu ndiye anayetoa kitu cha kuurefusha. Leo jiberelini tunaihesabu kuwa homoni ya mimea, kana kwamba kuvu alikuja kuazima.

Wewe unayelima uyoga wa mamama, tafadhali usikimbilie kununua homoni. Ya maabara ni ya maabara, na ikizidi kipimo hudumaza nyuzi. Tena wingi wa asidi peke yake haujawa tiba. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, hayakuona ushahidi wa kutosha wa kumpa ganoderma mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili ili kushusha sukari.

Na shangazi ana kisukari.

Ndiyo maana pakiti iliyoandikwa "ganoderma" tu inaniudhi. Kama kuvu yule yule, chakula kile kile, anaweza kubadilika kiasi hicho kwa matone machache ya homoni, basi jina lake halinielezi chochote kuhusu nguvu yake. Niambie ni nyuzi au ni uyoga wenyewe, na zimo miligramu ngapi. Nikaigeuza pakiti ya shangazi, nikamsomea viambato kwa mpangilio wake, kilicho kingi kikitangulia: sukari, krima, kahawa, mwisho kabisa ganoderma. Kipimo hakuna.

"Sukari ndiyo ya kwanza?"

"Ndiyo ya kwanza, shangazi."

Akanyamaza. Kisha akaisogeza pakiti pembeni, akaniuliza kama ile habari ya asumini ni ya kweli, maana mti anao pale uani.