Ficha waya, usifiche plagi

Napenda kompyuta ya mezani iliyopangwa ikapangika. Ukitazama ndani kupitia kioo cha ubavuni, uone kadi ya michoro, kile kifaa kinachotengeneza picha za skrini, na feni zake, si fundo la nyaya nyeusi zinazoning'inia katikati. Kwa hiyo sina ugomvi na anayehangaika kuficha waya wa umeme wa kadi. Ugomvi wangu ni na jinsi tunavyouficha.

Kompyuta yangu iliyopita niliukunja waya huo palepale unapotoka kwenye plagi, nikausukuma kwa kidole gumba, kisha nikakibana kioo mpaka kikafunga. Ilipendeza sana. Baada ya wiki chache nikaifungua kufuta vumbi, nikamulika tochi: plagi ilikuwa imechomoka upande mmoja, mwanya kama unene wa ukucha. Haikuwa imeungua, lakini moyo ulinienda mbio.

Plagi hizi mpya za pini 16 zinaruhusiwa kubeba hadi wati 600. Kwa volti 12, hizo ni ampea 50 zinazopita kwenye nyaya sita, zaidi ya ampea 8 kila mmoja. Pini moja ikishika nusunusu, inapata joto, wenzake wanabebeshwa mzigo wake, na plastiki inaanza kulainika. Mwaka 2022 wenye kadi za michoro za Nvidia aina ya RTX 4090 walianza kuonyesha picha za plagi zilizoyeyuka. Mwaka uliofuata muundo ukarekebishwa, ukaitwa 12V-2x6: pini za umeme zikarefushwa kidogo na zile ndogo nne za ishara, zinazoijulisha kadi kwamba plagi imeingia, zikafupishwa, ili plagi isiyozama vizuri isipewe umeme. Marekebisho mazuri, ila hayaondoi uzito wa waya uliokunjwa kwa nguvu.

Tena kosa si la mwenye kompyuta peke yake. Nani aliamua soketi ikae ubavuni mwa kadi, ikitazama kioo moja kwa moja? Kadi zinanenepa na kurefuka kila toleo, nafasi ya waya kupinda inabaki ileile. Ndiyo maana naipongeza kampuni ya ASUS kwa mfumo wake wa BTF: kadi ina ulimi wa pili unaoingia kwenye ubao mama, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote vya kompyuta, na waya unachomekwa nyuma ya ubao. Hapo waya umefichwa na mwenye kubuni, haukulazimishwa na mnunuzi. Shida ni kwamba kadi, ubao na kasha lazima vyote viwe vya mfumo huo, na wengi wetu hununua kifaa kimojakimoja.

Sasa naacha waya unyooke sentimita tatu na nusu hivi kabla ya kupinda, ndipo uzame kwenye tundu kuelekea nyuma ya ubao. Kipande hicho kinaonekana, na plagi naiona kutoka kitini.